Nguo Haichaniki Hivyo kwa Kuanguka

Fundi cherehani alikuwa akipinda sketi ya sare mdogo wake alipoingia dukani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mdomo wa mdogo wake ulikuwa umevimba. Gauni lake lilikuwa limechanika kutoka shingoni mpaka kwapani.

"Niliteleza, dada," alisema. "Nishonee upesi."

Fundi alitunga uzi, akaushika ule mpasuko. Kisha akasita. Alikuwa ameshona nguo kwa miaka kumi na minane.

"Nguo haichaniki hivi kwa kuanguka. Hii imevutwa."

Mara mwanamke mwenye mkoba mgongoni akabisha hodi.

"Samahani, dada. Naomba kuongea na mdogo wako faragha."

"Wewe ni nani?" fundi aliuliza.

Mgeni alimtazama mdogo mtu, kana kwamba ruhusa ya kujibu ni yake.

"Ni mhudumu wa kituo cha kusaidia wanawake, mwenzangu ndiye aliyemwita," mdogo mtu alisema. "Hututembelea barabarani, sisi tunaouza miili. Dada, ile kazi ya hotelini niliyokuambia, nilikudanganya. Usiku wa kuamkia leo mteja alinipiga, akanibaka."

Mdomo wa fundi ukatangulia akili.

"Umetutia aibu. Toka dukani kwangu."

Mdogo wake akainuka. Mhudumu akamshika mkono taratibu.

"Dada, hasira itangoja," alimwambia fundi. "Dawa haingoji."

"Dawa gani?"

"Ya kuzuia virusi vya UKIMWI. Lazima aianze kabla ya saa sabini na mbili kupita, na kila saa ina maana. Ataimeza kila siku kwa siku ishirini na nane. Ipo pia ya kuzuia mimba."

"Lakini si alijipeleka mwenyewe?"

"Alikwenda kazini. Hakwenda kubakwa. Hata anayeuza mwili akisema hapana, ni hapana."

Fundi akainama, akachoma sindano kwenye mpasuko.

"Na hilo gauni usilishone," mhudumu aliongeza. "Usilifue. Akishalivua, tutalifunga kwenye karatasi. Ni ushahidi."

Fundi alichomoa sindano. Akafunga duka, wakaenda wote watatu.

Kituo kilikuwa nyumba ya kawaida yenye mlango wa kijani. Ndani, mwanamke mmoja alikuwa amelala kwenye mkeka. Mwingine alikuwa akimnyonyesha mtoto. Hakuna aliyeulizwa kwa nini amekuja. Muuguzi alimpima mdogo mtu, akampa dawa palepale. Kisha mwanasheria wa kituo akamwomba aeleze huyo mtu alivyokuwa.

"Mnene, anavaa koti la bluu. Mfuko wa ndani una zipu nyekundu."

Fundi aliijua zipu ile. Aliitia yeye mwenyewe, kwa sababu nyeusi zilikuwa zimemwishia. Mwenye koti alikuwa jirani wa pale dukani, ambaye mdogo wake hakumjua, yule aliyezoea kusimama mbele ya duka akilaani wanawake wa barabarani.

"Namjua," alisema kwa sauti ndogo. "Vipimo vyake ninavyo. Namba yake ya simu ninayo."

Walikwenda polisi pamoja na mwanasheria. Jirani alikamatwa wiki ileile. Wanawake wengine watatu wakajitokeza, nao walikuwa wamenyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Mdogo mtu alimaliza dawa zake zote. Miezi mitatu baadaye alipimwa tena. Hakuwa na virusi. Bado hajaamua kuacha kazi ile, na kituoni hakuna anayemlazimisha. Lakini haingii gari la mtu kabla mwenzake hajaandika namba za gari hilo. Usiku ule wa kwanza, fundi alikuwa amemwomba radhi, wakalia wote wawili.

Juzi mteja mmoja aliinama juu ya cherehani, akanong'ona, "Eti yule wa barabarani ni mdogo wako?"

"Ndiye," fundi alijibu bila kuinua macho. "Tumbo moja. Haya, mikono ya blauzi yako unaitaka mirefu au mifupi?"