Ndege wa Bibi na Kompyuta Mpya

Katika nyumba ile, siku huanza kwa mlio wa mashine ya kudarizi. Mama hukaza kitambaa kwenye fremu, huweka uzi, kisha huiacha sindano ikimbie. Mume wake, dereva mstaafu, hukaa pembeni akitoa ushauri. Hajaombwa, lakini hutoa. Majirani wamembandika jina la Mzee Najua, naye hulifurahia.

Wiki ile mama alikuwa na kazi iliyomgusa moyo. Binti yao alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Katika familia yao, kila mtoto hufunikwa shali yenye ndege aliyechorwa na marehemu mama yake mama. Ndege huyo ana mkia mrefu kupita kiasi, maana bibi huyo hakujua kuchora kitu kifupi. Chini ya mkia hudariziwa tarehe ya kuzaliwa.

Lakini kompyuta ya zamani, iliyopeleka michoro kwenye mashine, ilikuwa imekufa. Afadhali mama alikuwa na nakala ya michoro yake kwenye flashi. Tatizo ni kwamba michoro hiyo hufunguliwa na programu moja tu, ya miaka mingi, iliyo kwenye diski. Kompyuta mpya iliikataa. "Programu hii haiwezi kufanya kazi hapa," iliandika.

Mzee Najua akacheka. "Programu imezeeka, haijui kwamba dunia imesonga mbele. Tuidanganye."

"Tuidanganye vipi, baba?" mama alimuuliza mumewe.

"Tunarudisha tarehe ya kompyuta nyuma, mpaka mwaka tulionunua diski. Itajiona iko nyumbani."

Akairudisha. Programu ikakataa vilevile. Mbaya zaidi, mtandao nao ukagoma. Kila tovuti ilitoa onyo la usalama.

"Haya, umetengeneza nini sasa?" mama aliuliza. Machozi yalimlengalenga. "Mjukuu wangu atafunikwa shali tupu."

Mzee aliinuka kitini. Kisha akavaa viatu, akaenda mwenyewe kumwita jirani yao, mwalimu wa kompyuta.

"Hodi! Shikamoo mama," mwalimu alisema akiingia.

"Marahaba mwanangu, karibu. Njoo uone maajabu."

Mwalimu alitazama tarehe kwenye kioo cha kompyuta, akaangua kicheko. "Mzee, humu ndani binti yako bado yuko shule ya msingi!"

Hata mama alicheka.

"Kwanza turudishe tarehe ya leo," mwalimu alisema. "Tovuti zina vyeti vya usalama, na vyeti vina tarehe. Ukirudi nyuma, kompyuta inaona bado havijaanza kutumika."

"Kwa hiyo wazo langu lilikuwa bovu?" mzee aliuliza.

"Halikuwa bovu lote. Ila umeidanganya kompyuta nzima, na shida si tarehe. Shida ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoongoza kompyuta. Huu ni mpya. Programu ya mama ilitengenezwa kwa ule wa zamani."

Waliirudisha tarehe, mtandao ukafunguka, wakatafuta toleo jipya kwa waliotengeneza programu ile. Kampuni ilishafungwa.

"Kuna tovuti niliiona, inaitoa bure," mzee alisema. "Inataka tu nizime kinga ya virusi."

"Usithubutu! Mgeni anayetaka uzime taa ndipo aingie, huyo ni mgeni kweli?"

Mzee akakuna kichwa.

"Mama, shika kipanya wewe, kazi ni yako," mwalimu aliendelea. "Bonyeza kitufe cha kulia juu ya faili la kusakinishia, yaani la kuingizia programu. Fungua Sifa, kisha Upatanifu. Hapo chagua mfumo mliokuwa nao zamani. Kompyuta itabaki mpya, ila programu hii peke yake itahudumiwa kizamani."

Mama alichagua, akasakinisha. Safari hii haikukataa. Akaweka mpangilio uleule kwenye programu yenyewe, akaifungua, akachomeka flashi. Ndege akatokea na mkia wake wote. Mama akapiga kigelegele.

"Si kila programu ya zamani inakubali," mwalimu alionya. "Nyingine hukataa katakata. Na bila nakala zako, mama, tungefungua programu tupu. Ziweke na mahali pengine pia."

"Nitaziweka. Na tarehe ya shali, mwanangu, programu hii huiweka yenyewe kwa kufuata kompyuta."

Wote wawili wakamgeukia mzee.

"Nimekwisha kuelewa," alisema. "Msinitazame hivyo."

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ileile mama aliwasha mashine, akamaliza shali. Mzee alikabidhiwa mjukuu aliyefunikwa shali hiyo. Alipitisha kidole juu ya mkia mrefu wa ndege, kisha juu ya tarehe. Ilikuwa sahihi.

"Karibu, mjukuu wangu," alimnong'oneza kwa furaha. "Mambo mengi nitakufundisha. Ila ya kompyuta mimi sijui. Hayo tutamuuliza mwalimu."