Mwanamke Aliyekosekana Kwenye Sahani

Sahani ilikuwa na nyumba ya buluu, nyumba ilikuwa na mlango, mlango ulikuwa wazi, na mlangoni hapakuwa na mtu. Hilo ndilo lililomfurahisha Wilbert Kamugisha mpaka akamwita dada yake.

"Felicitas! Njoo uone ajabu."

"Ajabu nyingine, Profesa?" Felicitas alijibu toka jikoni. "Asubuhi nimeshaona ajabu ya kinu. Mie nataka kutwanga, wewe wataka kwanza nijue babu yake kinu alitoka wapi."

Alikuja hivyo hivyo, akasimama mlango wa uani kwa mtindo wake wa korongo, mguu mmoja chini, wayo wa pili umeegemea gotini. Tangu utotoni Bukoba alisimama hivyo, hata kanisani kwaya ikiimba, na mama yao alishachoka kumkemea.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na tatu. Wilbert alikuwa likizoni Temeke kutoka chuo cha Makerere, amevaa koti la sufu la chuo katika joto lililowashinda hata mbuzi. Alisoma historia, sanaa za kale na dini, yaani watu waliokufa, vitu walivyochora, na mahali walikodhani wanakwenda. Baba yao, Mzee Ansbert, karani wa bandarini Kurasini, aliwaambia wenzake kazini kwamba mwanawe anasomea uhakimu, ili wasiulize zaidi.

"Kitabu kinasema sahani zote za namna hii zina mwanamke mlangoni," Wilbert alisema, "kawapa watu mgongo. Hii haina! Huenda hakuna nyingine duniani."

Felicitas hakutazama mlango uliochorwa. Alitazama pamba iliyogeuka manjano na bakuli la maji. "Wilbert. Umefuta maandishi ya Bi Zuena?"

Alikuwa ameyafuta. Bi Zuena, mwenye nyumba, aliwapa wapangaji wake amri mbili tu: nguruwe asiingie, na sahani ile isitoke kwenye shubaka la ukumbini. Ilikuwa sahani ya kaure iliyofunikwa kwa herufi za zafarani, duara ndani ya duara, hata picha ya chini isionekane. Siku hizo Bi Zuena alikuwa msibani Kisarawe. Wilbert alijiambia kwamba zafarani ni ya juzi tu, picha ni ya karne nyingi, na msomi hawezi kuacha ya juzi yafunike ya kale. Picha aliinakili yote, jani kwa jani. Ya zafarani hakunakili hata nukta.

"Bibi atakuchinja."

"Nitamwandikia upya."

"Kwa Kiarabu kipi? Hicho cha kusema salamu?" Felicitas alicheka, akachukua bakuli, akayamwaga maji pale pale kizingitini, akayakanyaga pekupeku akirudi jikoni huku akiimba wimbo wake wa kwaya.

Katikati ya ubeti aliacha kuimba.

Kesho yake jua la adhuhuri lilimkuta mlango wa uani, kawapa watu mgongo. Mama yao, Margareta, alimpita na ndoo, akamwambia apishe. Hakupisha. Miguu yake yote miwili ilikuwa chini, imebanana, wima kama ya picha.

"Leo umekuwa binti wa watu," mama alitania. "Korongo kaenda wapi?"

Kulikuwa na harufu ya marashi yaliyochacha, kama kitambaa kilichofungwa sandukuni kikiwa kibichi, na kutoka mahali fulani ilisikika sauti ndogo, kli, kli, kama kucha ikigonga sahani.

Mwenye kusimulia haya amelala nyumba za wageni kutoka Lamu hadi Lindi, na amewahi kukimbia shati lake mwenyewe lililoanikwa, kwa hiyo hawezi kumcheka Wilbert kwa kutoogopa mapema. Wilbert alikuwa na jina la kila kitu. Alisema ni malaria. Zahanati ya misheni ikatoa kwinini. Padri akaja, akaomba, na wakati wa kuomba Felicitas alimtazama kwa upole, kama mwenyeji anayesubiri mgeni anywe chai yake aondoke. Lakini kila adhuhuri alirudi mlangoni, hali wala hanywi, mashavu yakaingia ndani, na mama yake aliyekuwa akimshika mkono alisema mkono ule ni laini mno na wa baridi mno, mfano wa kitu kilichopakwa rangi kikachomwa tanurini, na kwamba kila alipoita jina la mwanawe alijibiwa "Naam" na sauti iliyotoka nyuma kidogo ya mahali mdomo ulipokuwa.

Bi Zuena aliporudi hakusalimu. Aliona shubaka, akaketi chini pale pale ukumbini na mizigo yake kichwani.

"Shikamoo bibi," Wilbert alisema.

"Nani kamfungulia?"

"Bibi, nilitaka tu kuona picha..."

"Umeona?"

"Mlango mtupu."

"Kwa sababu alikuwa amekwisha toka, mwanangu! Na maji yake? Mlimwaga wapi?"

Wilbert alionyesha kizingiti. Bi Zuena alijifunika uso kwa kanga. Maji ya kombe, yaliyoosha maandishi ya dua, hunywewa, alisema kwa sauti ndogo, au humwagwa pasipopita mguu wa mtu. Hata mtoto mchanga Temeke nzima anajua.

Aliitwa Mwalimu Jamali kutoka Kiwalani, mtu mwembamba mwenye kikohozi. Alimtazama Felicitas kwa mbali, akainamisha macho, akamvuta Wilbert pembeni.

"Nipe maneno yaliyokuwepo."

"Sikuyanakili."

"Hata mstari?"

"Nilinakili picha."

Mwalimu aliitazama ile karatasi yenye kila jani na kila kigae. "Umechora vizuri," alisema, na hakuna aliyewahi kumtukana Wilbert vibaya zaidi. "Aliyeandika ni marehemu mume wa Bi Zuena, na alilijua jina la huyu aliyetoka sahanini. Maneno yale yalimtaja yeye peke yake. Mie jina lake silijui. Nitaweza kusema tu: aliye mlangoni na arudi ndani. Sasa pale mlangoni wako wawili katika mwili mmoja. Atakayeingia simchagui mie."

"Basi usiandike," Wilbert alinong'ona.

"Andika!" Margareta alisema. Alikuwa nyuma yao. "Mwanangu hajanywa maji. Mnasubiri nini, afe ndipo mfanye utafiti?"

Wakaandika. Adhuhuri, Felicitas akiwa amesimama mlango wa uani, Mwalimu alizungusha zafarani juu ya sahani duara ndani ya duara akisoma taratibu, na kadiri maandishi yalivyokaribia katikati ndivyo ile kli, kli ilivyozidi, mara ukutani, mara chini ya sakafu, mara kwenye meno ya watu wenyewe, harufu ya marashi ikawa nzito hata Mzee Ansbert akatoka nje kutapika, na Felicitas akageuka nusu, akamtazama kaka yake kwa macho yaliyokuwa yake kabisa, yenye hofu yake mwenyewe, akafungua mdomo, na neno la mwisho likaandikwa kabla hajasema.

Akaanguka. Alipozinduka aliomba maji, kisha ndizi. Mama yake alilia kwa furaha hadi majirani wakaingia. Bi Zuena alimkumbatia. Mzee Ansbert alitaka kuwaalika padri na mwalimu meza moja.

"Pole kwa kunihangaikia, kaka," Felicitas alisema.

Wilbert alitabasamu na wengine. Baadaye tu ndipo alipokumbuka kwamba dada yake hakuwahi kumwita kaka. Alikuwa Profesa.

Asubuhi alisogea kwenye shubaka, akainamisha sahani kwenye mwanga. Katikati ya duara za zafarani palibaki nafasi ndogo kama ukucha. Mlangoni sasa palikuwa na mwanamke wa buluu. Hakuwapa watu mgongo. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wayo wa pili umeegemea gotini, kiganja kimeinuliwa usawa wa uso kama cha mtu anayegonga kioo.

Wilbert alikimbilia maji na pamba. Aliporudi, shubaka lilikuwa tupu.

Uani, yule mwenye sura ya dada yake alikuwa akipangusa mikono, miguu imebanana.

"Nisamehe, kaka. Nilikuwa naifuta vumbi, ikaniponyoka. Vipande nimevitupa chooni, visije vikamkata baba."

Wilbert hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mama yake alikuwa ameanza kunenepa tena.

Jioni walikaa uani kunywa chai. Kutoka upande wa choo, chini sana, wimbo wa kwaya ulianza, mwembamba lakini wazi, ukifika katikati ya ubeti unarudi mwanzo.

Mzee Ansbert alitega sikio, akatabasamu ndani ya kikombe. "Sikilizeni huyo Felicitas. Kapona kweli. Mwacheni aimbe."

"Lakini mie niko hapa, baba," alisema aliyekaa kando yake, akamwongezea chai.