Mguu wa Fedha wa Agia Varvara

Mguu wa fedha ulikuwa umetoweka. Sista Theodouli aligundua hilo saa saba mchana, muda mfupi baada ya basi la parokia ya Kalamata kufika kwenye monasteri ya Agia Varvara. Mbele ya ikoni, picha takatifu ya Mama wa Mungu, palipoangikwa sanamu ndogo za fedha ambazo waumini huleta kama nadhiri, kilibaki kipande cha utepe kilichokatwa.

"Nilipangusa vumbi pale mlipofika, ulikuwepo," alisema. "Tangu hapo wameingia wawili tu: dereva wenu na Bi Polyxeni."

Polyxeni hakuna aliyemshuku. Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya safari, alitangulia foleni ya komunyo kama kila Jumapili.

Bwana Sarantos, aliyewachosha wenzake kwa hotuba kwenye magofu ya Mistra njiani, alipata kazi mpya. "Mnatafuta nini tena? Dereva Mwalbania ana kisu! Si tumemwona akimenya chungwa?"

"Kisu ninacho," alijibu Arben, dereva. "Niliingia kumwashia marehemu mama mshumaa. Nipekueni."

"Umeshauficha! Unatufanya watoto?"

Sista alichukua simu awaite polisi. Arben alipauka. Tajiri wake alishamwonya: lalamiko moja tu, kazi basi.

Evanthia, mke wa padri wa parokia yao ya Kiorthodoksi, ndiye aliyeandaa safari, na aibu ilimjaa. "Sista, subiri kidogo." Akamgeukia Polyxeni, aliyekaa kibarazani amekumbatia mkoba. "Na wewe, shoga yangu, uliingia kufanya nini?"

"Nifanye nini? Nilibusu ikoni, nikatoka."

"Uliibusu kweli?"

"Mara tatu! Tena kwa niaba yenu, wavivu nyie."

Watu walicheka. Evanthia hakucheka. Alimshika mkono, wakaenda pembeni, nyuma ya kanisa.

"Leo umepokea komunyo, nilikuwa nyuma yako. Kwa desturi yetu, aliyepokea habusu ikoni siku hiyo. Nani aliwafokea wajukuu zangu kwa kosa hilo, kama si wewe? Hukubusu kitu, Polyxeni. Uliinama kwa jambo jingine."

Polyxeni akafungua mkoba. Ndani ya leso mlikuwa na mkasi mdogo na mguu wa fedha.

"Niliuleta mwenyewe, mwanangu Lefteris akiwa na miaka minne, ili atembee. Akatembea. Akatembea mpaka kwenye pikipiki iliyomuua mwezi wa tatu. Nikasema, basi nirudishiwe changu."

Evanthia alimhurumia. "Lia, nami nitalia nawe. Lakini yule kijana anabebeshwa kosa lako, nawe umekaa unamtazama."

Polyxeni alirudi uani, akauweka mguu kiganjani mwa Sista. "Ni mimi," alisema, wote wakasikia. Bwana Sarantos alianza kuchunguza viatu vyake.

"Ungeniacha nipelekwe polisi," Arben alimwambia.

"Ningekuacha."

Sista aliweka simu mfukoni. Arben hakusema amesamehe. Alipanda basi, akawasha injini, akamwona mama yule akihangaika na ngazi. Akamnyooshea mkono.

"Kaa hapa mbele, mama," alisema. "Huko nyuma kunatikisa."