Mguu wa Sita wa Panzi

Ijumaa alasiri, ughaibuni katika jiji la Waarabu, ukumbi wa makumbusho ulikuwa umefurika watu, na Njenga, kasimama wima katika sare yake ya ulinzi, akasikia mtu akicheka mbele ya picha ambayo haijawahi kumchekesha yeyote. Ilikuwa picha ya panzi wa kijani, aliyechorwa Ulaya miaka mia nne iliyopita kwa brashi nyembamba kama kope, kila mguu na kivuli chake.

"Dada, tafadhali usiguse kioo."

"Pole, ssebo. Lakini huyu ni senene! Kwetu Masaka hatumchori, tunamkaanga."

Alivaa gauni la manjano na raba nyeupe, na kicheko chake kilimsahaulisha Njenga miguu yake iliyokuwa ikiwaka moto tangu asubuhi. Akamnong'oneza siri yake ya miezi mitatu.

"Hesabu miguu. Ni mitano."

"Mchoraji alisahau?"

"Zii. Aliletewa mdudu aliyekatika mguu, akachora alichoona. Hakumwongezea."

"Basi huyo mzee nampenda," akasema yule dada, jina lake Millicent. Namba ya simu alimpa kabla hajafika mlangoni.

Mapenzi yakanoga. Kila jioni Millicent alipiga simu kutoka mtaa wa Muaither, alikokuwa akilea watoto wa watu, na Njenga akapokea mtaani Al Mansoura, katika chumba cha vitanda sita. Desemba dada yake Millicent alimletea kopo la senene kutoka nyumbani. Naye akampa Njenga lote.

"Walikuwaje, mpenzi?"

"Watamu, sweetie! Nimelamba hadi kopo."

Uongo mtupu. Kijana wa Nyeri hajawahi kutia mdudu kinywani. Kopo alimpa Arnold, Mganda wa kitanda cha juu. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Ijumaa iliyofuata, siku ya ibada huko, kanisani Abu Hamour, Arnold akamshika Millicent mkono. "Webale nyo, nyabo, asante sana! Senene wako walikuwa watamu. Njenga anaogopa hata kuwatazama."

Siku tisa simu haikulia.

"Umeharibu, bro," Arnold alimwambia. "Kwetu mke ndiye humletea mume senene, na mume humnunulia gomesi, gauni letu la heshima. Ndoa yako umenipa mimi nikaila na chai!"

Njenga alimpenda Millicent, na hofu ya kumpoteza ikamnyima usingizi. Siku yake ya mapumziko akamwomba wakutane kwa panzi wao. Millicent alikuja, uso kaukunja.

"Sikuwala," Njenga akasema. "Niliogopa utaniona mshamba, nikadanganya. Mguu haukuwepo, Millie, na mimi nikauchora."

Akamkabidhi kifurushi. Ndani mlikuwa na gomesi ya zambarau na mshipi wake unaong'aa, aliyoagiza Kampala kupitia kwa Arnold. Millicent akafuta machozi, kisha akatoa tishu mkobani. Ilikuwa na senene mmoja.

"Arnold alibakiza huyu, akaniletea."

"Humu ndani ni marufuku kula."

"Basi twende nje."

Nje, kwenye ngazi, Njenga akafumba macho akatafuna.

"Sema ukweli."

"Aki, naskia kutapika. Lakini nitazoea."

Millicent akacheka kama siku ile ya kwanza. Akaivaa gomesi juu ya gauni lake, watu wakipita, akamgeuzia mgongo.

"Haya, nifunge mshipi, mume wangu."