Aliyeitikia Kwenye Majabali

Asubuhi ile nilikuwa napepeta ulezi nyuma ya nyumba yetu pale Pito, na mume wangu Nestory alikuwa anachonga mpini wa jembe. Jua lilikuwa limetoka vizuri. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda kudhani mambo ya namna hii huanza na bundi. Haya hayakuanza na bundi. Yalianza na Eustace.

Eustace ni binamu wa mume wangu. Ana duka la vipuri vya pikipiki mjini Sumbawanga, na ana bunduki. Mungu anisamehe, sijaona mtu mdogo kiasi kile akitembea ndani ya koti kubwa kiasi kile. Alikuja na pikipiki yake mpaka uani, akaikanyagisha kwenye turubai langu la ulezi, wala hakuona kama kuna neno.

"Shemeji, niazime mumeo leo," akasema. "Nimepata kibali cha mbuzi mawe. Dume mmoja."

Mbuzi mawe ni swala mdogo wa majabalini, anayesimama kwa ncha za kwato kama bibi harusi kwenye viatu virefu. Kibali kilitaka dume mzee tu, aliyekwisha kuachwa na majike. Ndiyo maana Eustace alimhitaji Nestory, aliyekulia milima ya Mbizi na kuwinda huko na baba yake.

"Si unajiita mwindaji?" nikamuuliza. "Kumjua mzee kunakushinda?"

"Kwa mbali wote wanafanana, shemeji."

"Hata wewe kwa mbali unafanana na mtu mzima."

Nestory alicheka mpaka akaweka panga chini. Kisha akamweleza, taratibu, kama anavyomweleza mtoto. "Usikimbilie pembe. Tazama anavyosimama. Kijana anaruka ndipo anatazama. Mzee anatazama, halafu hata haruki. Pembe baadaye. Ncha zimechakaa, na zile pete za shinani zimebanana. Uso nao umefifia."

"Na nikibaki na shaka?"

"Unamwacha."

"Mimi ningemwamkia," Eustace akasema. "Akiitikia, ni mzee."

Hapo Nestory hakucheka. Kwao, juu ya majabali watu hawaamkiani. Ukikutana na mtu unakohoa, naye anakohoa, mnapita. Salamu mtapeana mkifika tambarare. Mama mkwe wangu alinieleza nilipoolewa: kule juu hujui nani ataitikia, na anayeitikia shikamoo yako amekuwa mkubwa wako, nawe umekuwa mtoto wake. Niliona ni maneno ya watu waliochelewa kubatizwa. Sikubishana naye. Nilikuwa na adabu.

Waliondoka. Mchana ukungu ukapanda kutoka bonde la Rukwa, ukafunika mashamba yote ya juu. Eustace akarudi peke yake. Koti hana. Bunduki hana. Kiatu kimoja hana.

"Yuko wapi?"

"Anakuja nyuma, shemeji. Anakuja polepole."

Hakuniangalia. Akawasha pikipiki na kuondoka, mtu mzima na kibali chake, akimwacha ndugu yake kwenye ukungu.

Nestory alifika kabla jua halijazama. Nilimwona kwenye njia ya shamba la mahindi, akisimama kila baada ya hatua chache na kutazama pande zote. Nikamwendea mbio. Kabla sijafungua mdomo, akaniambia kwa sauti nzito, ya chini:

"Marahaba."

Sikuwa nimemwamkia.

Kuanzia siku ile hakulima tena. Alikaa kitandani akiutazama ukuta unaoelekea mlimani. Alikuwa akisema "Shikamoo," kisha ananyamaza, anainamisha kichwa kama anayesikiliza, kisha anasema tena. Mimi sikusikia jibu. Yeye alisikia.

Nywele zake zikapauka. Mgongo ukapinda. Mume wangu alikuwa mtu wa kubeba gunia la mahindi begani na kuimba. Ndani ya kipindi cha mvua moja tu akawa anashikwa mkono kwenda chooni. Siku moja nilimlisha uji, akapanua kinywa, nikaona meno yake. Yalikuwa yamesagika mpaka kwenye fizi, sawasawa, kama ya mnyama aliyetafuna majani makavu maisha yake yote.

Nilimwita Padri. Alikuja, akavaa stola, akasema, "Bwana awe nanyi."

Nestory akajibu, "Marahaba."

Padri alirudia. Alipata jibu lile lile. Akanitoa nje na kuninong'oneza kwamba hawezi kumpaka mafuta mtu ambaye hajui nani anajibu ndani yake. Atarudi Nestory atakapoweza kusema Amina. Hicho tu ndicho nilichokitaka kwa Mungu tangu hapo. Sikuomba apone. Niliomba afe akiwa mtoto wa Mungu, si mtoto wa kitu kingine.

Nikaenda dukani kwa Eustace. Alikuwa ananunua na kuuza kama kawaida, na koti jipya. Nikafunga mlango wa duka lake nyuma yangu.

"Sema."

"Shemeji, tulimwona dume amesimama juu ya jabali. Peke yake. Nestory alimtazama sana. Akasema, huyu sijui. Pembe zake zina pete mpaka nchani. Akasema, huyu tumwache."

"Na wewe?"

"Nikamtania. Nikasema, mwamkie basi mzee wako, au umekosa malezi? Nestory akaamkia. Alikuwa anacheka, shemeji. Tulikuwa tunacheka wote."

"Halafu?"

Akasogea karibu. Akanong'ona.

"Akaitikia. Akasema, marahaba mwanangu, umechelewa kuja."

Kisha akaniambia kuna mganga upande wa Kipili, kule ziwani, mzuri, anachukua kuku wawili tu. Nilimtazama mtu huyu. Alimcheka mtu kwa malezi yake, malezi yakamponza, naye akakimbia. Sasa anataka niende mpaka ziwani nikapige magoti kwa mlevi mwenye mkia wa fisi. Nilimwambia kama ana kuku wawili awapike ale, labda atajaza lile koti. Nikarudi kwangu.

Kilikuja mchana wa Jumamosi. Ukungu ulikuwa mlangoni. Nilikuwa kando ya kitanda na rozari yangu. Nikasikia kwenye mawe ya uani, ncha, ncha, ncha. Kama mtu anayetembea kwa vidole vinne.

Kikasimama mlangoni.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya mzee. Mpole. Ungeweza kumpa kiti.

Nestory akajiinua. Mdomo ukaanza kutafuta lile neno. Nikamshika mikono. "Baba Jenifa, usiamkie. Sema Amina. Sema Amina peke yake."

"Mwanangu," sauti ikasema. "Salamu ya leo iko wapi?"

Machozi yalikuwa yanamtoka. Hakuweza. Alilelewa vizuri mno, mume wangu. Mkubwa akisimama mlangoni, yeye huamkia.

Nikakumbuka alivyomfundisha yule mpuuzi kwenye turubai langu. Nikaenda mlangoni. Ukungu ulikuwa mzito. Niliona uso, na pembe mbili, na pete zake. Nikatazama kinavyosimama.

Kilikuwa hakitulii. Kilikuwa kinabadilisha kwato, kama kinataka kuruka.

Hofu ikanitoka. Dharau ikaniingia.

"Wewe si mzee," nikasema.

Kikarudisha kwato moja nyuma.

"Umejichora pete. Mzee hahangaiki mlangoni kwa watu akiomba salamu. Aliyeiumba Mbizi alikuwapo kabla ya jiwe lako la kwanza, naye hajawahi kunibishia hodi. Wewe ni mtoto wa jana. Tena umekosa adabu. Unaingia kwa watu, unamkuta mama mwenye nyumba, humwamkii."

Nyuma yangu kitanda kililia.

Ukungu ukasogea. Kitu kile kikapungua. Sijui niseme vipi. Kikawa kidogo. Kisha ikatoka sauti nyembamba, ya mtoto mdogo sana, kama mtoto aliyeachwa nje kwenye baridi:

"Shikamoo, mama."

Ninyi hamjui lile neno linavyovuta. Miaka yote watoto wa Pito wananiamkia njiani na jibu linatoka lenyewe, sifikirii. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikauma ulimi mpaka damu ikatoka.

Kwani nikiitikia, ni wangu.

Nikafunga mlango. Nestory alikuwa amelala chali, macho yako wazi, macho yake mwenyewe. Nikamwekea rozari kifuani. "Bwana akubariki," nikasema, kwa sababu Padri hakuwapo, na Mungu anajua.

"Amina," akasema.

Halafu akafa.

Padri alimzika kwa misa kamili. Eustace alikuja msibani, akasimama mbali, akalia kuliko watu wote. Sikumpa mkono.

Miaka imepita. Wakati wa ukungu huwa naisikia ile sauti ndogo nje ya mlango, mara moja tu, ikiamkia kwa adabu. Sijaitikia. Nanyamaza, nasali, nalala. Asubuhi nafungua na kukuta kwenye vumbi la kizingiti alama mbili za magoti, zimebanwa pamoja. Hazina nyayo za kuja. Hazina nyayo za kuondoka. Nafagia.

Mwanzoni zilikuwa ndogo, za mtoto wa kubebwa. Mwaka huu binti yetu Jenifa alikuja likizo kutoka Namanyere, na kabla sijashika ufagio akapiga magoti yake pale pale, akitania, ili kupima.

Yalitosha barabara.

Akainua uso, akanitazama, akaniamkia. Nimesimama na ufagio, na hadi sasa sijajua kama aliyeniamkia ni binti yangu.