Ncha ya Rula Kwenye Mlango wa Friji

Kila jioni, kabla ya chakula, Chiriku alikuwa na kazi moja: kutoa kichupa cha dawa ya kisukari kwenye friji na kumpelekea bibi yake, kisha kukirudisha baada ya sindano. Aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, usiojua kupumzika. Lakini wiki ile alikuwa kimya, na nyumba nzima ilishangaa. Mama alimgusa paji la uso, akaona hana homa. Bibi alisema labda mke mwenzake huyu amepata mchumba huko shuleni.

Hakuwa na mchumba. Alikuwa na hofu. Friji yao ilikuwa na tundu mlangoni: ukisukuma kitufe kwa glasi, mashine hunguruma na barafu huanguka. Chiriku alipenda kutafuna barafu kuliko pipi, na Mama alishampiga marufuku tangu jino lake lilipopata ufa. Kuiba kungekuwa rahisi kama mashine ile isingekuwa na kelele za kuamsha mtaa. Basi akabuni njia yake. Aliingiza rula tunduni, akasukuma kile kifuniko kidogo kinachozuia baridi isitoke, akachokoa vipande vilivyonasa. Alifaidi mara mbili tatu, kisha rula ikakatika, ncha yake ikabaki huko juu.

Kesho yake tundu lilikuwa limeota barafu nyembamba, nyeupe kama unga. Akaimwagia maji ya moto iyeyuke. Maji yakaganda, barafu ikawa nene kama ngumi. Kila alipotoka shule alikimbilia friji, akakuta imezidi. Mama naye aliiona, akamwita Shangazi, ambaye ni fundi wa mafriji, aje jioni. Asubuhi hiyo maziwa yalikuwa yamechacha, lakini Mama alimlaumu muuza maziwa.

Jioni Chiriku alipokishika kichupa cha Bibi, kilikuwa vuguvugu. Akaganda pale pale. Muuguzi wa kliniki alikuwa amesema mbele yake kwamba dawa ile ikipata joto huharibika. Sasa hakuogopa fimbo. Aliogopa kwamba Bibi ataugua, na kwamba atakayekuwa amemuua ni yeye. Hata hivyo alikipeleka mezani kama kawaida, kwa kuwa hakujua aseme nini.

Shangazi alifika na mkoba wake wa vifaa. Alibana karatasi kwenye mlango wa friji, akaivuta. Ikagoma kutoka, akasema mpira wa mlango ni mzima. Mama akaleta kisu achimbe barafu, Shangazi akamshika mkono, akamwambia wifi yake kwamba akitoboa bomba la gesi watafanya matanga ya friji. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyeingiza kitu mle ndani. Macho yote yakamgeukia Chiriku.

"Mimi sijui," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Shangazi akashusha pumzi, akasema basi itabidi aupasue mlango. Chiriku hakumsikia vizuri. Alikuwa anamtazama Bibi, ambaye alikuwa ameshaivuta dawa kwenye sindano na sasa anapandisha nguo apate mahali pa kuchoma.

"Bibi, usijichome," alisema, akimshika mkono. "Dawa imepata joto. Friji nimeiharibu mimi. Rula yangu imekatikia mle."

Bibi aliweka sindano chini taratibu. Mama alichukua begi lake na kukimbilia kliniki kutafuta dawa nyingine. Shangazi alichomoa waya wa umeme, akafungua milango yote, akawasha feni. Muda wote huo Chiriku alikaa miguuni pa Bibi akisikiliza anavyopumua, na kila Bibi alipokohoa, aliinua macho kumtazama.

Barafu ilipolegea, Shangazi aliichomoa ncha ya rula kwa koleo, namba zake zikiwa bado zinasomeka. Alimweleza Chiriku kwamba kifuniko kilibaki wazi kidogo, hewa ya nje ikawa inaingia na kuganda, mpaka barafu ikaziba njia inayopeleka baridi upande wa vyakula. Yale maji ya moto yalizidisha tu. Mama alirudi na dawa mpya, Bibi akajichoma, na hapo ndipo Chiriku alipolia.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Bibi alisema. "Ila wewe umeficha maradhi ya friji, kifo kikaja kunitafuta mimi." Alimfuta machozi kwa upindo wa khanga. "Kosa lako la kwanza lilikuwa dogo, mjukuu wangu. Ulipolifunika ndipo likaota. Siku nyingine, ukiona jambo ni lazima ulifanye bila kelele, jiulize kwanza linamwogopa nani."

Friji ilipopona, Bibi alimpa glasi, akamtuma barafu ya maji yake ya kunywa, na akataka mashine isikike hadi barazani. Ikanguruma. Jikoni Mama aliinua kichwa, akatazama, akaendelea kukata vitunguu. Chiriku aliibeba glasi kwa mikono miwili, bila kutafuna hata kipande. Kisha akarudi kuchukua kichupa cha dawa. Kilimuuma vidole kwa baridi, naye akakishika hivyo hivyo mpaka mezani.