Kura Saba za Karakana Yetu

Babu yangu alikuwa seremala. Baba yangu naye alikuwa seremala, na milango ya shule yetu ni kazi ya mikono yake. Hakuna mteja aliyewahi kuwarudishia kazi. Kila walichokiunda walikiandika jina lao, nami niliwafundisha wanangu vivyo hivyo.

Mwaka huu mbunge wetu alifariki, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Wakati huohuo serikali ilikuwa na muswada wa kubadili katiba, ili itwae viwanja bila wenyewe kusikilizwa mahakamani. Kiwanja cha karakana yetu kilikuwa miongoni mwa vilivyotajwa. Mwanangu mkubwa hakutulia. Alishika randa, akaiweka. Alitoka nje, akarudi. Alisema kiti kimoja hakiwezi kuzuia lolote bungeni.

Jirani yetu, karani mstaafu wa uchaguzi, alikuwa amekuja kufuata meza yake. Alimweleza kwamba katiba hubadilishwa kwa theluthi mbili ya wabunge. Pamoja na kiti hiki cha marehemu, chama tawala kilikuwa na idadi hiyo kamili, bila ziada. Kikishindwa hapa, muswada utakwama.

Basi nikaamuru twende sote saba wa familia yetu, na kila mmoja aandike jina lake kwenye karatasi, kama tulivyofanya uchaguzi uliopita. Mtu mwaminifu hajifichi.

Karani alinitazama.

"Mzee, mliandika majina?"

"Sote. Tena kwa mwandiko mzuri."

"Basi hazikuhesabiwa. Kura ni siri, mzee wangu. Ukiandika jina, imeharibika. Weka alama moja tu, kwenye kisanduku cha mgombea unayemtaka. Kunja, tumbukiza."

"Kumbe siku ile tulikwenda kunyoosha miguu," alisema mkamwana wangu.

Hakuna aliyecheka. Kosa lilikuwa langu, nikalikubali mbele yao.

Siku ya kura tuliweka alama, basi. Kesho yake asubuhi kazi haikufanyika. Mwanangu aliizunguka redio mpaka mkewe akamwambia akae, anamtia kizunguzungu. Kisha yakatangazwa matokeo: chama kilichokishika kiti hiki miaka yote kimeshindwa kwa kura tano.

Sisi tulikuwa saba.

Juma lilelile muswada uliondolewa bungeni. Wakubwa ambao hawakuwahi kumsikiliza mpinzani sasa wanamwita mezani. Nasi tunaunda madawati arobaini, papa hapa tulipo.

Ninyi vijana, sikilizeni. Ulizeni kabla ya kupiga kura. Mimi sikuuliza, nikaja kujua nikiwa nimechelewa uchaguzi mzima. Siku ikifika, nendeni. Sitaki kusikia udhuru.